Upande wa Mto, Upande wa Barabara

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, nikatia mfukoni mita yangu ya kupimia umeme. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mke wangu aliponiuliza, "Baba Agnes, unakwenda wapi?" Nikarudi kuketi, nikaomba daftari. Haya ninayoyaandika ni yenu, vijana wa karakana ya vifaa tiba, mliobaki na bisibisi zangu. Kama mmeshazipoteza, msiniambie.

Habari za vyeo naziruka. Nilivipata vichache, na kila kimoja kilinikuta nimeingia chini ya meza natafuta waya.

Nilifika Mtwara nikiwa kijana, natokea Njombe, na sweta begani. Aliyewahi kushuka stendi ya Mtwara mwezi wa Desemba akiwa na sweta ataelewa kwa nini watu walinitazama kwa huruma. Nikapata chumba Rahaleo, kwa familia ya mwalimu, na kesho yake asubuhi nikaripoti hospitalini. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya dobi, na ndani yake kulikuwa na benchi, pasi ya kulehemu, na Mzee Bakari, mtu wa Mikindani, aliyekuwa fundi pekee wa jengo zima.

"Unajua kunyamaza?" aliniuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kazi.

Nikamwambia najua. Akanipeleka chumba cha upasuaji, akawasha mashine ya kunyonya damu na uchafu, akaniachia kiti. "Isikilize. Nikirudi uniambie inasemaje." Akarudi baada ya saa mbili. Nikamwambia inanguruma. "Haingurumi, inalalamika," akasema. "Feni yake imekula vumbi. Umekaa nayo asubuhi nzima hukuisikia?" Tuliifungua, na kweli, feni ilikuwa imevaa vumbi nene. Kwa miaka iliyofuata hakuniruhusu kugusa skrubu ya kifaa chochote kabla sijakisikiliza, na hadi leo friji ya nyumbani ikibadili sauti mimi ndiye wa kwanza kuamka.

Siku ile ile aliona ninashika bisibisi kwa mashoto. Akataka kujua kisa chake, nami nikamsimulia. Darasa la kwanza mwalimu alituambia tunyooshe mkono wa kulia. Kijana mmoja akauliza ndio upi. Mwalimu akajibu, "Wa kulia, ule wa kulia ugali." Nikanyoosha mkono ninaolia ugali, yaani wa kushoto. Darasa zima likacheka, nikachapwa viboko viwili, na tangu hapo maneno hayo mawili yalinikalia vibaya kichwani. Mtu akiniambia "kulia" mimi husimama kidogo ndani kwa ndani, nahesabu, ndipo nageuka. Mzee Bakari alicheka mpaka akavua miwani. Ila aliponialika kwake Mikindani kula pilau, nilikula kwa mkono wa kuume kwa heshima ya sinia, nikamwaga nusu ya wali kwenye mkeka, na nyumba nzima ikajifanya haikuona.

Mashine ya kwanza ya altrasaundi ilikuja ndani ya sanduku la mbao, kubwa kama kabati la nguo. Tuliifunga kwa siku tatu. Siku ya kuijaribu kila mtu alikuwa na kazi sehemu nyingine, kwa hiyo Mzee Bakari akavua shati akapanda kitandani mwenyewe, akilalamika kwamba jeli ni ya baridi. Mtaalamu aliyekuja na mashine akaweka kichwa chake, kile kipande cha kushikwa mkononi, ubavuni pa mzee. Kwenye kioo pakatokea figo.

"Hiyo ni mie?" akauliza.

"Ni wewe, mzee. Figo yako."

Akajiinua kwa kiwiko aitazame vizuri. Halafu akasema, "Nimeishi naye huyu miaka yote, sijawahi kumuona hata siku moja."

Mtaalamu akatueleza kwamba pale hakuna mwanga wala mionzi. Kile kichwa hupiga sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Sauti huingia mwilini, hugonga, hurudi, na mashine hupima imechukua muda gani kurudi, kisha huchora. Nilimwona Mzee Bakari akisisimka. Maisha yake yote alikuwa anasikiliza mashine, na leo ameambiwa ipo mashine inayosikiliza watu. Jioni ile tulirudi karakanani. Mimi nilikuwa na furaha niliyoshindwa kuificha, na sikujua nimweleze nani.

Mwanzoni altrasaundi ilikuwa ya kutazama tu. Daktari akitaka kuingiza sindano, kutoa maji kifuani kwa mfano, aligonga mgongo kwa vidole, akasikiliza panapobadilika mlio, akakadiria. Wengi walikadiria vizuri. Siku moja nikaitwa chumba cha upasuaji kwa sababu picha ilikuwa na michirizi. Waya wa kichwa ulikuwa umelegea tu, lakini sikutoka. Nilijibanza pembeni. Daktari wa usingizi alikuwa anataka kutia ganzi mkono wa mtu wa bandarini aliyebanwa vidole na mnyororo. Aliweka kichwa cha altrasaundi juu ya bega, na kwenye kioo mishipa ya fahamu ikaonekana, viduara vyeusi vimekaa pamoja. Kisha sindano ikaingia. Niliiona mimi mwenyewe, mstari mweupe mwembamba ukitembea ndani ya nyama ya mtu, ukafika karibu na vile viduara bila kuvigusa, ukasimama. Dawa ikamwagika ikavizunguka. Dakika ishirini baadaye yule bwana alikuwa anabishana na nesi kuhusu mpira wa miguu huku vidole vyake vinashonwa.

Nimeona mengi ndani ya jengo lile. Sikuwahi kuizoea sindano kwenye kioo. Kila nilipopata kisingizio cha kwenda kukagua waya, nilikwenda.

Picha zikaanza kujaa. Mwanzoni tulizihifadhi kwenye seva moja, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Tuliweka viyoyozi viwili, vyote nyuzi kumi na sita, na chumba kikawa baridi kuliko Njombe. Habari zikaenea. Wiki ya pili nikakuta chupa za maji za wodi tatu zimepangwa juu ya seva. Wiki ya tano nikakuta mfuko wa samaki, changu wazuri kabisa wa Mikindani, umewekwa pale nyuma panapotoka hewa. Aliyeuweka hakujua kwamba mbele ya seva ni baridi lakini nyuma yake ni jiko. Harufu ilikaa mwezi mzima, na mwenye samaki hajajitokeza hadi leo. Nina mtu ninayemshuku, na anajijua.

Kuhusu usalama, neno la siri la seva ile lilikuwa jina la hospitali na moja-mbili-tatu, na kwa usalama zaidi lilikuwa limeandikwa kwenye plasta ya kidonda na kubandikwa kwenye kioo.

Ndipo tukaambiwa picha zote zitahamia kwenye wingu. Nesi mmoja mtu mzima aliniuliza kwa dhati kabisa masika yakija itakuwaje. Nikamcheka, halafu usiku nikagundua mimi pia sijui wingu lenyewe liko wapi. Bahati yangu nikachaguliwa kwenda kwenye mafunzo, tukapelekwa kulitembelea. Ni jengo la kawaida, halina kibao, na lina ukuta mrefu. Tulipita milango minne. Wa kwanza ulitaka kitambulisho, wa pili kidole, wa tatu ulitupima mmoja mmoja kama magunia, na wa nne haukufunguka mpaka wa tatu ujifunge. Ndani kulikuwa na makabati meusi, safu kwa safu, yanapepesa taa ndogo za kijani, na hapakuwa na mtu. Nilisimama nikafanya nilichofundishwa, nikanyamaza. Chumba kizima kilikuwa kinapumua.

Mwenyeji wetu, dada mmoja mpole, akatuonyesha jinsi hewa baridi inavyopita njia yake mbele ya makabati, na ya moto inavyopita njia yake nyuma, katikati kuna ukuta wa kioo, zisikutane. "Kuchanganya baridi na moto ndiko kunakokula umeme," alisema. Chumba chao hakikuwa baridi. Nilivaa sweta langu bure, kwa mara ya pili maishani. Saa ambazo hewa ya nje ni nzuri, wanaichuja na kuiingiza, viyoyozi vinapumzika. Kila picha inayofika inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kwa kufuli la hesabu, na nakala yake inakaa kwenye jengo jingine mbali. Hata yeye anayelinda makabati hawezi kuona kilichomo ndani.

Nilirudi Mtwara nimebadilika. Nikaziba mianya ya chumba chetu kwa mbao, nikatenganisha mbele na nyuma ya seva kwa plastiki nzito, nikazima kiyoyozi kimoja na cha pili nikakipandisha hadi nyuzi ishirini na tano. Watu walidhani nimeanza kuzeeka. Seva haikulalamika hata mara moja, na jenereta ikapumua. Plasta nilibandua mwenyewe. Kila mmoja akapewa neno lake la siri na namba inayotumwa kwenye simu yake, na kwa miezi sita nilikuwa mtu anayechukiwa kuliko wote hospitalini, kumzidi hata mhasibu.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuparuka.

Mwaka wangu wa mwisho, vituo vya afya vya huku kusini vilipewa altrasaundi ndogo za kubeba mkononi, zinazotuma picha moja kwa moja kwenye wingu, daktari bingwa akiwa mji mwingine akaziona papo hapo. Kimoja kilikuwa upande wa Mahurunga, kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma. Daktari wake alikuwa Neema, binti wa Kagera, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Kichwa cha mashine yake kilidondoka sakafuni, ganda likapasuka, akaniletea nikitengeneze.

Wenye kazi mnajua, pembeni mwa kila kichwa kuna kinundu kidogo. Kinundu kikielekea upande fulani wa mgonjwa, unajua upande upi wa kioo ni upi wa mwili. Bila kinundu hujui picha imekaa sawa au imegeuzwa. Nililiziba ganda kwa gundi ngumu, nikalipiga msasa, na kinundu kikaondoka pamoja na gundi. Si tatizo. Niliweka jeli, nikagusa ukingo mmoja kwa kidole, nikaona picha inacheza upande gani wa kioo. Nikaandika kwenye daftari: *alama iwekwe kulia.* Ilikuwa saa ya kutoka. Asubuhi yake nikaazima rangi nyekundu ya kucha kwa katibu muhtasi, nikasoma daftari, nikaweka nukta safi kabisa. Kule kusimama kwa ndani kwa ndani nilikokuzoea tangu darasa la kwanza, siku hiyo sikukufanya. Nukta niliiweka upande wa mkono ninaolia ugali.

Kifaa kikarudi kituoni. Wiki hiyo Neema alikitumia kwa wajawazito wawili tu. Mtoto tumboni hugeuka apendavyo, hakuna aliyeshangaa.

Siku ya Alhamisi, mvua zikiwa zimekata barabara bondeni, aliletwa Bi Somoe, mama mjane, mkulima wa korosho na mihogo. Alikuwa hawezi kulala chali, anapumua kwa kuhesabu, miguu imevimba, mapigo ya mkononi yanapotea na kurudi. Neema akaweka altrasaundi kifuani. Moyo ulikuwa umezungukwa na maji. Ulikuwa unadunda na kuyumba ndani yake kama yai kwenye sufuria inayochemka, na maji yenyewe yalikuwa yanaubana usijae damu. Gari la wagonjwa lilisema halipiti mpaka jioni. Daktari bingwa wa moyo, Dokta Ezekieli, aliyekuwa mji mwingine mbali, akaangalia picha akasema jioni ni mbali sana kwa huyu mama. Maji yatolewe pale pale, kwa sindano, chini ya macho ya altrasaundi, naye atamwongoza Neema.

Mimi nilikuwa Mtwara, chumba cha seva. Kazi yangu ilikuwa kulinda mawasiliano yasikatike. Nilivaa visikilizio, nikawa naona wanachokiona.

"Weka kichwa kwenye chembe cha moyo, pale chini ya kifua," Dokta Ezekieli alisema. "Nukta ielekee mkono wa kulia wa mgonjwa."

"Tayari," Neema akajibu.

Picha ikatulia kwenye kioo. Halafu bingwa akasema polepole, "Naona ini upande usio wake. Nukta una hakika iko kulia?"

"Kulia kwa mgonjwa, ndiyo dokta. Naiona kabisa, nyekundu."

"Moyo nao unaelekea upande mwingine." Akavuta pumzi. "Wapo watu wachache wameumbwa hivi. Viungo vimegeuka, cha kushoto kiko kulia. Huenda mama huyu ni mmojawapo. Kama ndivyo, sindano itabidi tuielekeze bega la upande wa pili."

Mama yule hakugeuka popote. Kilichogeuka ni nukta yangu. Na huo upande wa pili aliousema, kwa mtu aliyeumbwa kama sisi wengine, ndio wenye ini.

Nitawaambia ukweli wote, maana ndiyo sababu ya daftari hili. Sikusema mara moja. Nilikuwa nimebakiza miezi minne. Nilifikiria kumpigia Neema simu ya pembeni, nimwambie ageuze kichwa tu bila maelezo, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye simu. Nikajitetea kichwani kwamba labda kweli mama ameumbwa hivyo, bingwa ni bingwa. Nikasikia Neema anapasua pakiti ya sindano. Nikamsikia Bi Somoe, sauti inatoka kwa shida.

"Mwanangu, mbona mmenyamaza? Nnakufa?"

"Msimchome," nikasema. "Dokta, ni fundi hapa, Bosko. Hiyo nukta niliiweka mimi. Nimekosea. Nimeiweka upande usio wake."

Niliona mishale ya mapigo ya moyo ikipita kwenye kioo.

"Una hakika, fundi?" Dokta Ezekieli aliuliza.

"Neema, paka jeli, gusa ukingo wenye nukta kwa kidole," nikasema. "Picha itacheza upande gani wa kioo?"

Akagusa. Ikacheza upande usiotakiwa.

"Asante," bingwa akasema. Basi. Nimepewa shukrani nyingi rasmi, na sijui kama zote pamoja zinafikia hiyo moja.

Lakini sasa mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Kila mmoja alikuwa hayaamini tena maneno yake. Bingwa akisema kulia, Neema anauliza, "Kulia kwangu, kwa mgonjwa au kwa kioo?" Akijibiwa, anauliza tena kabla au baada ya kugeuza nukta. Mkono wa binti ulikuwa unatetemeka, tuliuona kwenye picha, kioo kizima kilitetemeka.

Aliyetuokoa ni Sista Mwajuma, nesi wa kituo, mzaliwa wa pale pale. "Madokta, samahanini," alisema. "Hiki kitanda mkono wake mmoja uko mtoni, mmoja uko barabarani. Hayo ya kulia na kushoto yaacheni. Semeni mto, semeni barabara. Hapa hakuna asiyejua mto ulipo."

"Ini liko upande upi?" bingwa akauliza.

"Ini liko mtoni."

"Na bega tunalolitaka?"

"Barabarani."

"Hata mie najua," Bi Somoe akasema. "Mto upo huku," na nikaambiwa baadaye aliunyooshea mkono.

Nimesikia lugha nyingi za kitaalamu, na kuna vitabu vizima vya kumwelekeza daktari mahali pa kupeleka sindano. Siku ile moyo wa mtu ulifikiwa kwa lugha ya watu wanaokwenda shamba. "Sogeza barabarani kidogo. Kidogo tena. Simama. Umerudi mtoni, usirudi mtoni. Hapo hapo. Inamisha kichwa uione sindano." Mkono wa Neema ukatulia. Pembeni mwa kioo pakatokea ule mstari mweupe mwembamba. Niliutazama ukija, unapita juu ya ini bila kuligusa, unakaribia ule ukingo, na nyuma ya ukingo moyo unadunda. Picha ile ilikuwa inatoka kitandani karibu na Ruvuma, inakatwa vipande, inafungwa, inakwenda kwenye yale makabati yasiyo na mtu, inafunguliwa kwa bingwa aliye mji mwingine, naye anasema "simama" na sindano inasimama. Nilishika meza. Mimi mtu wa waya, najua kila kitu kinavyofanya kazi pale, na sikuamini.

"Vuta."

Maji yakaja. Neema akavuta, akavuta tena. Kwenye kioo ule weusi uliouzunguka moyo ukawa unapungua, na vyumba vya moyo vilivyokuwa vimebanwa vikaanza kufunguka. Niliuona moyo ukijaa. Ukajaa tena. Bi Somoe akapumua pumzi ndefu, ya kwanza tangu alfajiri, na Sista Mwajuma akasema, "Alhamdulillahi," na mimi Mkatoliki nikaitikia peke yangu chumbani. Nililia, na kulia huku nako kunaandikwa sawasawa na kule kulikoniponza, lakini hapa hamtakosea maana yake.

Taarifa ya kosa niliiandika mwenyewe siku ile ile, kabla hawajaniomba. Niliitwa, nikahojiwa, nikapewa onyo, na nililistahili. Kutokana nayo ndiyo mna ule utaratibu mnaounung'unikia. Alama hujaribiwa na watu wawili, na daftarini haliandikwi neno, unachorwa mchoro. Mkichoka kuchora, mkumbuke ini.

Miezi mitatu baadaye Bi Somoe, akiwa anaendelea na dawa za kifua kikuu kilichomletea maji yale, alikuja kliniki Mtwara. Akauliza yuko wapi yule aliyesema amekosea. Nikaitwa. Nikamkuta amekaa wima benchini, kanga mbili safi, amenona kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe fundi?"

"Ndimi, mama. Naomba unisamehe."

Akanipisha nafasi benchini. "Waliniambia mmeuona moyo wangu. Mie mwenyewe sijauona."

Daktari wa kliniki akaruhusu. Nikamwekea kiti mbele ya kioo, nikaweka neno langu la siri, nikasubiri namba, nikafungua. Picha ya kwanza, moyo umebanwa. Ya pili, baada ya maji kutoka, unafunguka na kujaa, unafunguka na kujaa. Aliangalia kwa muda mrefu, mkono umeshika kifua.

"Huu ndio unapiga sasa hivi?"

"Hapana mama. Huu ni wa siku ile. Umehifadhiwa, unajirudia."

"Umehifadhiwa wapi?"

Nikamweleza yale makabati, milango minne, nakala iliyoko jengo jingine. Nikamwambia hakuna awezaye kuufungua isipokuwa daktari anayemtibu na mimi ninayeulinda.

"Mtaufuta lini?"

"Haufutwi hivi hivi, mama."

Akafikiri. "Kwa hiyo siku yangu ikifika, kule Mahurunga watanizika, wasome hitima, wale wali, waondoke. Na huku moyo wangu unapiga."

"Ndivyo, mama."

Akatazama tena kioo, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi uutunze vizuri," alisema. "Ulitaka kuutafuta kwenye ini."

Nikamwahidi nitautunza. Mwezi uliofuata nikastaafu. Sasa ni wenu.